Picha Waliyoiweka Juu ya Maneno ya Wifi

Picha niliijua kabla sijasoma neno hata moja. Jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye cherehani yake kwenye baraza linalopakana na studio yangu hapa Yoba, Gitega, aliingia akiwa bado amebana pini kwa midomo. Akazitema kiganjani, akanisogezea simu usoni.

"We, angaliya hii," alisema. "Hii foto si njo ile ya Bukirasazi? Ile iko ku mur yako?"

Sikuwa na haja ya kugeuka kuutazama ukuta. Ilikuwa yangu. Wanaume wanne wanapanda mlima wakiwa na machela ya kusukwa mabegani, ile tunayoiita ingobyi. Ndani yake amelala mwanamke, mkono mmoja umetokeza nje, na kitenge chekundu alichofunikwa kinaning'inia upande. Wabebaji wamekunja nyuso kwa uzito. Chini ya picha walikuwa wameandika kwamba ni majeruhi anaondolewa kwenye mapigano. Kisha ikafuata habari ndefu ya vita vya ng'ambo, kule Kivu, Kongo, na ndani ya habari hiyo aliyekuwa akisimulia ni wifi yangu.

Niliisoma yote nikiwa nimesimama. Maneno yalikuwa ya wifi, hayakutiwa chumvi wala kupunguzwa. Picha tu ndiyo ilikuwa ya uongo.

Mume wa wifi ni mdogo wangu wa kunifuata. Tulikulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, kama walivyokulia wengi ninaowapiga picha. Tuliporudi tulikuta shamba la baba huko Nyarusange lina mihogo ya watu wengine na maneno mengi juu yake, basi kila mmoja wetu akatafuta riziki yake. Mimi nikashika kamera. Yeye akaenda Uvira, huko huko Kivu, kuuza vitunguu, akaoa huko, akapata mabinti wawili, akawa mtu wa kunipigia simu kila Jumapili na kuniuliza kama bado nina hasira za bure. Nilikuwa nazo, na ninazo hadi leo.

Vita vilipofika kwao, wifi alivuka mpaka na watoto, wakapakiwa pamoja na wengine hadi kambi ya wakimbizi huko Muyinga. Mdogo wangu hakuvuka. Kwenye kizuizi cha barabarani, kabla ya mpaka, watu wenye silaha waliwatenga wanaume na kuwapandisha lori. Wifi alimwona akipanda kwa miguu yake mwenyewe, mzima, sweta la binti mdogo likiwa bado begani kwake kwa sababu ndiye aliyekuwa amembeba. Lori likageuza na kurudi lilikotoka. Tangu hapo hatukusikia kitu.

Mara ya kwanza nilipowafuata Muyinga nilikwenda na nia ya kurudi nao. Nyumba yangu ina chumba, na mimi sina mume wa kumwomba ruhusa. Wifi alikataa. Huniita yaya, yaani dada mkubwa, kama mume wake anavyoniita, na Kiswahili chake ni kile cha kwao Kivu.

"Yaya, jina yangu iko hapa," aliniambia. "Bakimwachilia, atanitafuta mu kambi. Nikikwenda kwako, atanikuta wapi?"

Ninawashinda wateja wanaotaka picha tano kwa bei ya mbili, yeye hakushindika. Nikamwachia mchele na sabuni, nikarudi Gitega kwa gari la kupitia Karuzi, nimenuna njia nzima.

Mwandishi wa habari alikuja kambini siku ambayo na mimi nilikuwapo. Alikuwa kijana wa Bujumbura aliyekuwa akiandikia ukurasa mmoja wa habari za mtandaoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alikaa chini, kwenye gunia, akasikiliza. Wifi alipokosa neno, alimngoja. Alimuuliza lori lilikuwa la rangi gani, lilielekea wapi, nani mwingine alikuwa njiani. Kisha akaenda kuwatafuta wanawake wengine waliopita kizuizi kile siku ile, akawauliza mmoja mmoja, mbali na wifi, kuona kama maneno yanalingana. Yalilingana. Mimi mwenyewe, mwenye ulimi mkali, nilisema moyoni kwamba huyu mama yake alimlea.

Aliporudi alimweleza wifi kwamba habari ikisomwa na wengi, huenda ikamfikia mtu aliyeliona lile lori. Wifi akaling'ang'ania neno hilo.

"Mutu mumoja tu," alisema. "Mwenye aliona ile lori. Aseme tu ilienda wapi."

Hatukuwa tunaomba dunia isimamishe vita. Tulikuwa tunamtafuta mtu mmoja, na mtu huyo, kama yuko, yuko miongoni mwa wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi, watu wa vitunguu, wa dagaa, wa vitenge, na wengi wao ni watu wa huku kwetu. Ndiyo maana niliona afadhali habari itoke.

Nilimpa mwandishi picha ya mdogo wangu. Nilimpiga mwenyewe, mwaka alipokuja kutengeneza kitambulisho kipya. Hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu. Kwetu mtu haendi kupigwa picha ya kitambulisho na shati lake la shambani. Kila studio ina koti lake linalotundikwa msumarini karibu na pazia la bluu. Langu ni la kijivu, kola pana, na tai nyekundu iliyokwisha kufungwa, unaivaa shingoni kwa mpira. Mkulima wa Nyarusange huingia na koleo lake, akaliegemeza mlangoni, akavaa koti, akawa mheshimiwa kuanzia kifuani kwenda juu. Mikono kama ni mifupi haionekani. Hakuna anayeona aibu, na ukimpiga bila koti atakuuliza kama umemdharau.

Basi mdogo wangu naye yumo ndani ya koti lile, anatazama mbele, kovu dogo juu ya nyusi, sikio moja limekunjika kidogo kama la marehemu baba. Aliyewahi kumwona hawezi kumsahau. Nilimwambia mwandishi, weka hii, usiweke nyingine yoyote. Akasema, sawa dada, na akaniangalia machoni.

Ndiyo sababu siku jirani aliponiletea simu sikungoja. Nilimpigia mwandishi papo hapo. Alipokea kwa sauti ya chini, nikajua keshaiona.

"Dada, maneno ni yangu," alisema. "Picha wanachagua ofisini. Niliwapelekea ya ndugu yako. Nilisisitiza."

Nikaomba namba ya ofisini. Mhariri alikuwa na sauti laini, ya mtu asiyezoea kugombezwa. Alinipa pole ya ndugu yangu kwanza. Kisha akasema picha ya kitambulisho haisemi vita. Msomaji anapita haraka, alisema, lazima kitu kimshike. Ile ya machela aliikuta mtandaoni, haina jina la mwenyewe.

Haina jina kwa sababu walikuwa wamelikata. Upande wa kulia wa picha yangu kuna jina la studio, na juu ya jina hilo yupo mwanamke mnene, shangazi wa yule aliyebebwa, ana beseni kichwani na chupa ya chai mkononi, anacheka hadi jino la mwisho. Nilikuwa nimekwenda Bukirasazi kupiga picha za sherehe ya kumaliza msiba. Njiani nikakutana na watu wa mlima wanampeleka mjamzito kwenye kituo cha afya, kwa sababu njia ile gari haiwezi. Wabebaji wanapokezana, wengine wanafuata nyuma wakingoja zamu, na atakayekwepa kubeba atatozwa pombe na mlima mzima. Walikuwa wanatukanana kwa utani na kunipigia kelele niwapige picha. Shangazi akasema nimpige naye, asije mtoto akasema hakuwapo. Mtoto alizaliwa salama jioni ile ile.

Walipomkata shangazi, ikawa vita. Akiwapo yeye na beseni lake, hakuna mtu ambaye angedanganyika.

Nilimweleza mhariri haya yote. Akasema, "Lakini mama, hata vitani watu wanabebwa hivyo hivyo."

"Hata harusini watu wanalia," nilimwambia. "Mbona hukuweka ya harusi?"

Akasema ataona la kufanya. Siku zikapita akiona.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza, na huku kwetu samaki huyu alioza mchana, machoni pa watu. Picha ile ilikuwa imekaa kwenye ukuta wa studio tangu niipige. Watoto wa Yoba wanaijua. Bukirasazi ndio usiseme, wabebaji wote wanne wako hai, wana simu na wana jamaa wenye simu. Huko mbali, Bujumbura au Ulaya, labda mtu aliiona akasikitika na kuamini. Huku ambako mimi nilimhitaji mtu mmoja aamini, kila mtu alijua.

"Lakini, kama foto iko ya uongo," jirani yangu aliniuliza, cherehani ikiwa imesimama, "ile maneno itakuwa ya kweli namna gani?"

"Maneno ni ya wifi yangu. Si unamjua? Si alikuja hapa ukamshonea gauni la ndoa?"

"Mi namujua. Lakini watu hawamujui. Watu wanajua foto."

Nilikasirika, hasa kwa sababu alikuwa amesema kweli. Alasiri hiyo nilipita kwenye kibanda cha chai, nikawakuta wanaume wameizunguka simu. Mmoja anasema wakimbizi siku hizi wanafundishwa la kusema. Mwingine anasema njia ya mwongo ni fupi, imeanzia Kivu ikaishia Bukirasazi. Wakacheka. Mmoja wao ni mtu wa dagaa, anakwenda Uvira kila anapopata nafasi. Nilimwita pembeni nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari za lori lile. Aliniangalia kwa huruma, huruma ile unayompa mtu aliyetapeliwa.

"Dada, we acha," alisema. "Ile habari iko ya kupanga."

Nilikwenda nyumbani nikafunga mlango nikalia. Sikulia kwa sababu walimcheka wifi. Nililia kwa sababu kama ningekuwa mimi ndiye mnywa chai, na wifi si wangu, ningecheka pamoja nao.

Wiki hiyo hiyo yule mwanamke wa kwenye machela alikuja studio. Alitembea kutoka Bukirasazi na mama mkwe wake na mtoto aliyezaliwa jioni ile, sasa ana meno na matusi. Naye alikulia Tanzania, tunaelewana lugha.

"Mimi ndiye majeruhi," alisema, amesimama mlangoni. "Nimekuja unione."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akanieleza. Kaka yake mkubwa hakurudi wakati wengine tuliporudi, yuko bado Tanzania. Ameiona picha, akakitambua kitenge, kwa sababu ndiye aliyekinunua. Akapiga simu ya dada yake ikawa haipatikani, maana umeme ulikuwa haupo na betri imekwisha. Basi wakakaa matanga. Wakaacha jembe, kama desturi ilivyo, msimu wa kupalilia maharage. Majirani wakaleta vinywaji. Mchungaji akasoma. Simu ilipowaka na yeye akampigia kaka yake kumsalimia, kaka alikata mara mbili akidhani ni mashetani.

"Nimeliliwa nikiwa hai, dada. Na wazee wakasema matanga yakishakaliwa lazima yaondolewe. Wamepika pombe ya kuniondolea msiba mimi mwenyewe. Maharage yameliwa na magugu."

Mama mkwe akaongeza kwamba si jambo jema kwa mtu mwenye mtoto mdogo kusemwa amekufa. Lisemwalo lipo, alisema, kama halipo laja.

Walitaka niiondoe. Nilipowaambia si mimi niliyeiweka, mama mkwe aliutazama ukuta ambapo picha ilikuwa inaning'inia, kisha akanitazama mimi. Niliiteremsha mbele yao. Nilijua haisaidii kitu, lakini mikono yangu ilitaka kufanya jambo.

Niliwaambia pia habari za mdogo wangu. Nilitaka wajue kwamba chini ya ile picha kuna maneno ya kweli. Yule mwanamke alisikiliza, akanipa pole ya dhati, kisha akaniuliza. "Sasa kwa nini mliwaachia waweke mimi?"

Hatimaye picha ikaondolewa. Chini ya habari wakaweka mstari mmoja, kwamba picha iliyotumika mwanzoni haikuhusiana na tukio hili na wanaomba radhi. Waungwana hufanya hivyo, nikajisemea, labda sasa mambo yatakaa sawa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mstari ule ulipigwa picha ukasambazwa Yoba nzima kwa simu: mnaona, wamekiri wenyewe. Hakuna aliyesambaza maneno ya wifi.

Na mahali pa ile ya machela wakaweka, sasa, ndugu yangu.

Niliiona asubuhi, nikawasha jiko la mkaa kwa moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Ndiye yeye, kovu lake, sikio lake. Nikampigia wifi nikamwambia ametoka kwenye habari. Nikamsikia anawaita watoto.

Kabla ya saa sita jirani alikuja tena. Safari hii hakunipa simu, aliishika kifuani.

"We, usikasirike," alisema.

Dereva mmoja wa taksi-moto, yaani pikipiki za abiria, wa kijiwe cha karibu na soko, alikuwa amechukua picha yake ya kitambulisho akaiweka ubavuni mwa ile ya mdogo wangu. Koti lile lile la kijivu, tai ile ile nyekundu, pazia lile lile. Juu yake ameandika: Na mimi nimepotelea Kongo, nitafuteni. Chini yake watu wamemwaga picha zao. Mwalimu, muuza nyanya, katekista wa parokia, wote wamevaa koti langu. Wote wamepotelea Kongo. Wanacheka, wanasema hiyo studio ya Yoba ndiyo inayotengeneza vita, jana ilitoa majeruhi, leo imetoa mateka.

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Hawakuwa watu wabaya. Niliwapiga wote, namkumbuka kila mmoja nilipomwambia ainue kidevu. Na walichokiona kilikuwa kweli: koti ni langu. Mtu akishadanganywa mara moja hutazama kwa makini, na akitazama kwa makini huona koti.

Nilichomoa koti msumarini nikatoka nalo nje hadi kijiweni. Watu waliponiona nalo walianza kupiga makofi. Nilipiga kelele, sauti yangu ikapasuka. "Koti ni langu! Nimesema ni langu! Lakini mtu ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja!" Wengine wakazidi kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Yule dereva ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alishuka kwenye pikipiki.

"Ni ndugu yako kweli?" aliuliza taratibu.

"Ni mdogo wangu."

"Pardon, dada. Mi sikujua." Akatoa simu akaifuta ile picha mbele yangu, akaniomba radhi tena. Ilikuwa imekwisha kufika Ngozi, Bujumbura, na kwingine nisikokujua. Alitaka kunirudisha studio kwa pikipiki bila malipo. Sikupanda. Nilirudi kwa miguu, koti mkononi, na watu wakanipisha njia kama wanavyompisha mwenda wazimu.

Niliwaza kumpigia mhariri. Ningemwambia nini? Alikuwa ameweka picha niliyoitaka.

Kisha mafuta yakakosekana, magari ya Muyinga yakasimama, nikakaa wiki kadhaa bila kwenda. Simu ya wifi nayo mara inapatikana mara haipatikani. Aliponipata alikuwa akisema, uje, yaya, kisha anakata. Nilipopata gari nilinunua viatu vya watoto sokoni, vile vya plastiki, vya binti mdogo vyenye ua mbele, maana mara ya mwisho nilimwona anatembea peku.

Nilimkuta wifi amekaa nje ya nyumba yake ya udongo, anachambua maharage. Watoto walivaa viatu papo hapo, mdogo akaanza kukimbia akirudi, akikimbia akirudi, ili atazamwe. Wifi alingoja hadi nimalize maji ya kunywa. Ndipo akaniambia.

Kuna mama mmoja wa Muyinga mjini anayekuja kuuza parachichi kambini. Siku moja, akiwa anapima parachichi zake, alikuwa anawachekesha wateja kwa hadithi ya mgeni wao. Mgeni huyo alitoroka kutoka Kivu, akalala kwao siku chache akielekea Tanzania. Walipomwonyesha kwenye simu ile picha ya mtu wa koti, kama mchezo, yeye hakucheka. Alisema, huyu nilikuwa naye kwenye lori.

"Bakamucheka," wifi alisema. "Bakamwambia acha bujinga, hii batu ni ba studio ya Gitega. Bakamwambia ukisema unamujua, utajiingiza mu mambo ya uongo. Akanyamaza. Kesho yake akavuka mupaka ku Kobero."

"Labda alifananisha," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka kumpunguzia, au kujipunguzia.

Aliacha kuchambua. "Yaya, alisema huyu mutu alikuwa anachunga sweta ya mutoto. Hakujifunika nayo na baridi ilikuwa. Alikuwa anaikunja tu."

Habari haikutaja sweta. Wifi hakumwambia mwandishi, alisema aliona haya kumwambia mwanamume mgeni jambo dogo namna ile. Aliniambia mimi tu.

Nilikwenda naye mjini kwa muuza parachichi. Mama yule alipojua sisi ni akina nani alishika kichwa kwa mikono miwili, akaketi chini, akaomba msamaha kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Alitupa namba ambayo mgeni aliwaachia. Tulipiga mchana, tukapiga jioni, tukapiga kesho yake. Haipatikani. Lori lilikwenda wapi, walishushwa wapi, mgeni alitoroka yeye tu au na wengine, mama yule hakujua. Hawakumuuliza. Nani humuuliza maswali mtu aliyedanganyika?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa nikilia njia nzima kurudi kambini, wifi hakulia. Alikuwa anafikiri. Tulipofika aliwaita watoto, akaweka kigoda mbele ya ukuta, akakaa.

"Yaya, umekuja na mashini yako ya foto?"

Nilikuwa nayo, sitembei bila hiyo.

"Utupige. Utume kwa ule kijana. Safari hii baweke sisi."

Nikaitoa kamera. Wifi ana uso mpana, mzuri, na alikuwa amejifunga kitambaa safi. Binti mkubwa alisimama nyuma yake, mkono begani. Mdogo alikaa mapajani, miguu mbele, viatu vipya vinang'aa. Nikawatazama ndani ya kamera. Ilikuwa picha ya familia. Ningeweza kuitundika dirishani Yoba, na mteja angeuliza bei.

Naye aliona kwamba nimeshusha kamera.

"Haiko muzuri?"

"Ni nzuri," nilisema.

"Nikae namna gani njo baamini?"

Maisha yangu yote ya kazi nimewaambia watu wakae namna gani. Inua kidevu, tulia, usikodoe macho, fumba mdomo. Nilisimama pale na kamera mkononi. Nilitaka kumwambia haijalishi atakavyokaa. Nilitaka kumwambia kwamba ameshaaminiwa na mtu mmoja aliyekuwa wa maana, na mtu huyo ameshaondoka.

Wifi akaangalia watoto wake, akaangalia ukuta, akajiangalia. Akafungua kitambaa kichwani akakiweka pembeni. Kisha akainama, akamvua binti mdogo kiatu kimoja, akamvua na cha pili, akavificha nyuma ya kigoda. Mtoto akageuka kuvitafuta. Alipoona hapewi, akaanza kulia kwa sauti.

Wifi akamshika vizuri, akaniangalia.

"Sasa," alisema. "Piga sasa, yaya. Analia."